Kura Tatu za Tabora na Mwalimu wa Uraia

 

Kila uchaguzi unapokaribia, kuna kundi moja la wananchi linaloingiwa na homa isiyoandikwa magazetini. Wagombea wana homa yao na wapambe wana yao. Hii ninayoisema ni ya mwalimu wa Uraia. Muhtasari wa somo unamtaka awaeleze watoto chama cha siasa ni nini, mkutano mkuu wa chama una kazi gani, na ni hoja zipi zinazomfanya mpiga kura amchague huyu na kumwacha yule. Akitaja chama kimoja, hakosekani mtoto wa kufika nyumbani na kusema, "Mwalimu wetu ni wa chama fulani." Akivitaja vyote, ataulizwa kwa nini alianza na kile. Akinyamaza, watoto watafundishwa na kipaza sauti cha gari la kampeni, na kipaza sauti hakina kipindi cha maswali.

Mimi nimeshika chaki kwa zaidi ya miaka thelathini, na hata baada ya kustaafu walimu vijana wananiuliza: mzee, tufanyeje? Jibu langu ni lile lile. Mpeleke mtoto Tabora, Januari 1958. Huko atakuta chama, atakuta mkutano mkuu, atakuta hoja nzito ya uchaguzi, na atakuta watu wa nyumba moja wanaobishana mpaka wengine wanafungasha na kuondoka. Na kwa kuwa matokeo yanajulikana, hakuna atakayekutuhumu kwamba unamtafutia mtu kura.

Lakini kabla hatujapanda treni ya Tabora, hebu tumtazame mwalimu mwenyewe, maana naye ana historia yake katika jambo hili.

Chama cha TAA kilianzishwa mwaka 1929, na uti wake wa mgongo ulikuwa makarani, walimu na watumishi wengine waliosoma kidogo. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiingiza katika vyama vya siasa. Waraka huo uliwalenga hasa watu hao. Mwaka huo huo TAA ilimchagua Julius Nyerere kuwa rais wake. Yeye alikuwa akifundisha Pugu, shule ya misheni. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuka TANU. Mapema mwaka 1955 Nyerere akaenda Umoja wa Mataifa kule New York kuisemea Tanganyika, na aliporudi ikambidi achague kati ya chaki na chama. Akaacha kazi ya ualimu Machi 1955. Jina la Mwalimu likabaki, mshahara ukaondoka.

Baada ya Uhuru gurudumu likazunguka. Chini ya mfumo wa chama kimoja, mwalimu aliyekatazwa siasa jana akaagizwa kuifundisha leo. Mimi mwenyewe nilifundisha somo lililoitwa Siasa. Watoto walikariri Azimio la Arusha la mwaka 1967 na Mwongozo wa mwaka 1971 kama wanavyokariri jedwali la kuzidisha. Palikuwa na mema mengi ndani yake, siyakatai. Hata hivyo, mtoto aliyeuliza "na wale waliokuwa na mawazo mengine walisema nini?" hakuwa na ukurasa wa kufungua. Kisha ukaja mwaka 1992. Vyama vingi vikaruhusiwa, matawi ya chama yakaondolewa mahali pa kazi, na katika miaka hiyo ya tisini Siasa ikapisha Uraia.

Tazameni basi jinsi mtu wa rika langu alivyopitishwa. Aliyemfundisha yeye alikatazwa siasa. Yeye akaagizwa kufundisha siasa ya chama kimoja. Kabla hajastaafu akaambiwa afundishe siasa za vyama vyote, na asiwe wa chama chochote awapo darasani. Ndiyo maana namhurumia mwalimu wa Uraia, na ndiyo maana nampeleka Tabora.

Sasa tufike.

Mwaka 1958 Tanganyika ilikuwa inakaribia uchaguzi wake wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria. Tangu mwaka 1955 viti 30 vya wajumbe wasio wa upande wa serikali viligawanywa sawa kwa sawa: Waafrika 10, Waasia 10, Wazungu 10. Mpe mtoto penseli afanye hesabu. Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8. Wazungu walikuwa kama 20,000. Kiti kimoja cha Mwafrika kilibeba watu wasiopungua 800,000, na kiti kimoja cha Mzungu kilibeba watu 2,000. Maana yake Mzungu mmoja alipimwa mizani moja na Waafrika 400. Nimeona watoto wakirudia hesabu hiyo mara mbili wakidhani wamekosea.

Sheria ya uchaguzi nayo ilikuwa na milango miwili. Mlango wa kwanza ulihusu nani apige kura. Ilitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000 za siku zile, au awe amesoma mpaka darasa la nane, au awe na wadhifa uliotajwa katika sheria. Mlango wa pili ulihusu namna ya kupiga kura. Kila mpiga kura alilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ukimpigia Mwafrika peke yake, karatasi yako imeharibika. Ndiyo iliyokuja kuitwa kura tatu.

Vyama navyo vilikuwapo. TANU ilitaka Tanganyika itambuliwe kuwa nchi ya Waafrika, na serikali itokane na kura za wengi. Upande wa pili palikuwa na United Tanganyika Party, UTP, iliyoundwa mwaka 1956 kwa baraka za Gavana Edward Twining. Hiyo ilishikilia siasa ya mataifa mengi, na mgawo ule wa viti haukuikera.

TANU ikakutana Tabora mwezi Januari 1958. Hoja ilikuwa moja: tuingie katika uchaguzi huu au tuususie?

Waliotaka kususia hawakuwa wajinga, na mwalimu anayewafanya waonekane wajinga anawadhulumu wao na wanafunzi wake. Walisema kwamba kura tatu ni matusi kwa Mwafrika katika nchi yake. Sheria inamfungia nje mkulima, mchungaji na mkata mkonge, ambao ndio wenye chama. Ukishiriki umekubali, na ukishakubali utalalamika kwa mdomo gani? Na jambo jingine: TANU siku zile haikuandikisha wanachama wasio Waafrika, mlango huo ulifunguliwa mwaka 1963. Sasa utawaambiaje wanachama wako wakampigie kura Mzungu?

Nyerere na wenzake walisema sheria ni mbaya, hilo halina ubishi. Lakini tukisusia, uchaguzi utafanyika vile vile. UTP watavichukua viti vyote, kisha watasimama mbele ya dunia na kusema wao ndio sauti ya Tanganyika. Sisi tutabaki nje tukiwa safi, na nchi ikiwa mikononi mwa wengine. Tukiingia, tunaweza kuigeuza sheria hiyo hiyo imwelemee aliyeitunga.

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Pale Tabora nusura liharibike. Mjadala ulikuwa mkali, lakini mwisho wake mkutano ukapiga kura na walioshinda ni wale wa kuingia. Zuberi Mtemvu, mmoja wa viongozi wa TANU, hakuridhika. Akatoka na kuanzisha African National Congress, chama kilichosema Afrika ni ya Waafrika bila nyongeza.

Uchaguzi ukafanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Na hapa ndipo mtoto anapokaa wima kwenye dawati. Kwa kuwa kila mpiga kura alilazimishwa kumpigia Mzungu na Mwasia, na Waafrika ndio walikuwa wengi hata katika orodha ile iliyochujwa, basi Waafrika ndio waliokuwa wakiamua ni Mzungu gani na ni Mwasia gani aingie barazani! TANU ikawaunga mkono watu kama Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Wakashinda. UTP haikupata hata kiti kimoja, na haikuchukua muda ikafa. Kamba iliyosokotwa kumfunga TANU ikamfunga msokotaji.

Kuna jambo jingine dogo ambalo napenda watoto waligundue wenyewe. Katikati ya mwaka huo wa 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wa serikali katika gazeti la chama, akatiwa hatiani, akatozwa faini ya pauni 150 au kifungo cha miezi sita. Akalipa. Pauni 150! Kiasi kile kile ambacho sheria ilikitaka kwa mwaka mzima ili mtu ahesabiwe kuwa anafaa kupiga kura.

Sasa niwaeleze nilivyokuwa nikilifanya somo lenyewe, maana kulisimulia tu hakutoshi.

Nilikuwa nikikata vipande vya karatasi kwa idadi ya wanafunzi. Kila kipande nimeandika mtu: mkulima wa pamba, mkata mkonge, mama muuza vitumbua, karani wa posta, mchunga ng'ombe, mpishi wa Mzungu, mwalimu, mvuvi. Kila mtoto anachukua chake. Kisha nasoma sheria ya mwaka 1958 na kusema, "Wenye haki ya kupiga kura wasimame." Katika darasa la watoto arobaini na tano walisimama wanne au watano. Wengine wanabaki wamekaa, wanatazamana. Siku moja binti mmoja akaniuliza, "Mwalimu, huyu muuza vitumbua ni kama mama yangu. Yeye asingepiga?" Nikamwambia asingepiga. Sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Hatua ya pili ni mkutano mkuu. Nusu ya darasa wanasusia, nusu wanaingia. Kanuni ni mbili. Kwanza, hakuna kumtaja mwanasiasa aliye hai. Pili, kabla hujamjibu mwenzako, rudia hoja yake mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndivyo alivyosema. Kanuni hii ya pili ni ngumu kuliko mnavyodhani, na hata watu wazima inawashinda. Kengele ikikaribia kulia nawabadilisha: waliosusia waingie, walioingia wasusie. Halafu tunapiga kura ya siri, kila mtu kwa moyo wake.

Je, mwadhani nani alikuwa akishinda? Mara nyingi walishinda wa kususia. Ndipo nilipokuwa nikiwaambia matokeo ya kweli ya mwaka 1958 na 1959, na ndipo mjadala halisi ulipoanza. Wengine walisema Nyerere aliona mbali. Wengine walisema alibahatisha, na kama UTP ingekuwa na watu wengi zaidi tungekuwa tunamlaumu leo. Sikuwakatiza. Nikawauliza swali la mwisho: Mtemvu alikuwa msaliti? Mwaka 1962 alisimama dhidi ya Nyerere kugombea urais wa Jamhuri, akapata kura kama 21,000 mbele ya kura zaidi ya milioni 1.1 za mwenzake. Alishindwa vibaya sana. Lakini kushindwa na kusaliti ni mambo mawili, na mtoto asiyeyatenganisha darasani hataweza kuyatenganisha atakapokuwa mtu mzima mwenye fimbo mkononi.

Mwaka 1995, mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, mzazi mmoja alikuja shuleni amekunja uso. Amesikia mwanawe anapigishwa kura darasani. Mkuu wa shule akaniita. Sikujitetea; niliomba mtoto aitwe amweleze baba yake tulichosoma. Yule kijana akaeleza kura tatu tangu mwanzo mpaka mwisho, pauni 150 na darasa la nane, bila kukosea. Baba alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba baba yake yeye alikuwa mkata mkonge, na kwamba hajawahi kujua kwa nini mzee yule alikuwa akiukataa mjadala wowote kuhusu uchaguzi ule. Aliomba aondoke na daftari la mwanawe akalisome. Lilirudi baada ya wiki moja.

Baada ya Tabora, mwalimu akiwa na nafasi awavushe watoto bahari mpaka Unguja na Pemba, maana huko kuna hesabu nyingine. Januari 1961 uchaguzi wa Zanzibar ulikuwa na viti 22. ASP ikapata 10, ZNP 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja. Kura moja! Yule anayesema kura yake haina maana apelekwe Chake Chake. Serikali haikuweza kuundwa, uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka huo, na ghasia zilizoanza siku ya kura zikachukua roho za watu 68. Julai 1963 ukaja uchaguzi mwingine wenye viti 31. ASP ikapata zaidi ya nusu ya kura zote, kama asilimia 54, lakini viti 13 tu. ZNP na ZPPP kwa pamoja wakapata 18 na kuunda serikali. Kabla ya Januari 1964 kwisha nusu, serikali hiyo ilikuwa imepinduliwa. Watoto waulizwe: mipaka ya majimbo ina uzito gani? Mtu mwenye kura nyingi na viti vichache ajisikieje, na afanye nini? Haya ni maswali mazito, na nadhani ni heri yaulizwe darasani kwa kalamu kuliko yaulizwe barabarani kwa mawe.

Bara nako, mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na vingi vilipita bila kupingwa. Kile kimoja, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, mwana TANU aliyesimama peke yake baada ya chama kumteua mwingine. Hata ndani ya chama kimoja wananchi walikuwa na neno lao. Mfumo wa chama kimoja ulipoingia kisheria mwaka 1965, kila jimbo lilipewa wagombea wawili wa chama kile kile, mmoja na alama ya jembe na mwenzake na alama ya nyumba, na kampeni zilifanywa kwa Kiswahili, bila kabila wala dini.

Halafu kuna Tume ya Jaji Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991. Tume ilisikiliza watu zaidi ya 36,000. Asilimia 77 walitaka chama kimoja kiendelee, na asilimia kama 21 walitaka vyama vingi. Tume ikapendekeza vyama vingi, na nchi ikafuata. Je, ilikuwa haki kuwasikiliza wachache? Nimeshuhudia darasa likigawanyika katikati juu ya swali hili, na sijaona sababu ya kuliunganisha kwa nguvu.

Na kwa wale wanaodhani mkutano mkuu wa chama ni ngoma na vitenge tu, mwaka 1995 pale Dodoma CCM ilikuwa na majina matatu mezani: Jakaya Kikwete, Benjamin Mkapa na Cleopa Msuya. Katika duru ya kwanza Kikwete aliongoza. Hakufikia nusu, ikapigwa duru ya pili, Mkapa akashinda. Kikwete akarudi kazini, akangoja miaka kumi, akawa rais mwaka 2005. Mwanafunzi akilijua hilo, atauliza juu ya mkutano mkuu wa chama chochote: palikuwa na wangapi mezani? Kura ilikuwa ya siri? Aliyeshindwa aliruhusiwa kusema? Maswali hayo hayana rangi ya bendera, kwa hiyo mwalimu anaweza kuyafundisha bila kuogopa mtu.

Ndugu walimu, nawaomba jambo moja tu. Msikimbie somo hili kwa kuogopa, wala msiligeuze kuwa jukwaa lenu. Mtoto wa kidato cha pili leo ana miaka michache tu kabla hajafika kituoni na kadi yake mkononi. Tulimkataza mwalimu wake wa kwanza kusema, tukamlazimisha wa pili aseme neno moja. Huyu wa sasa amepewa nafasi ambayo wale wawili hawakuwa nayo. Kateni vipande vya karatasi. Andikeni mkulima, mvuvi, muuza vitumbua. Waambieni wenye haki ya kupiga kura wasimame, kisha mngoje swali la kwanza.

Wiki ijayo, tukijaliwa, nitaeleza jinsi masanduku ya kura yalivyokuwa yakisafirishwa siku zile za barabara mbovu. Mpaka hapo, kwaherini.